Kipande Kwenye Pochi

Juzi umeme ulikatika magharibi, mwanangu akawasha mshumaa, na ile harufu ya nta ikanirudisha kwenye boti ya asubuhi ya kwenda Dar, mimi na Mama, na kitu kidogo ndani ya pochi yangu.

Mama alikwishakatwa ziwa kwa saratani. Kovu limeshakauka, watu wameshakuja kumtazama, dua zimeshasomwa. Ilibaki kujua dawa gani, na daktari alitaka kile kinofu kilichotolewa kipimwe: kama seli zake zina vipokezi vya homoni, yaani pale estrojeni na projesteroni zinapokaa na kuikuza seli, na kama zina kupita kiasi HER2, protini inayoihimiza seli ikue. Bila ya hivyo, alisema, tutakuwa tunatibu jina la ugonjwa.

Tulipofika usawa wa Chumbe boti ikaanza kuyumba. Vijana wakapita wanagawa mifuko. Mama, ambaye hatapiki hata bahari ichafuke vipi, akaninong'oneza:

"Hebu nikione."

"Hapa, Mama?"

"Changu hicho. Nipe."

Nikampa. Kijisanduku cha plastiki, namba imeandikwa kwa penseli ubavuni, nta nyeupe imejaa, na katikati kile kinofu, doa la kijivu lisilozidi ukucha. Akakigeuzageuza, akakisogeza dirishani, akakinusa. Bi mmoja aliyekaa naye ubavuni akauliza, "Halua hiyo?"

"Si halua, dada. Ni mie huyu."

Yule bi akacheka, kisha akanyamaza. Mama akakisomea kwa sauti ya chini, nisijue anasoma nini, halafu akakifunga fundo kwenye pembe ya kanga kama anavyofunga pesa ya sokoni. Nilitamani kumwambia kinatakiwa kikae mahali pa baridi. Nikaacha.

Dar ilikuwa foleni, malipo na kungoja. Majibu yakaja: homoni chanya, yaani vipokezi vipo, seli nyingi zimeshika rangi ya kahawia. HER2 alama 1, yaani hasi. (Ingekuwa 2, wangerudia kwa kipimo kingine. 3, ndio ile dawa ya kuizuia HER2, trastuzumabu, na bei yake tusiizungumze.) Uvimbe ulikuwa mdogo, tezi za kwapani safi, kwa hivyo daktari akaandika tamoksifeni, kidonge kila siku kwa miaka 5. Dawa hiyo inawahi kukaa kwenye kipokezi, estrojeni ikija inakuta nafasi imeshachukuliwa.

Mama hakumtazama daktari, alinitazama mimi. "Vidonge tu? Shoga yangu katundikiwa dripu mpaka nywele zimekwisha. Au kwa kuwa hatuna kitu?"

Shoga yake anakaa mlango wa pili kutoka kwetu. Saratani ya ziwa vilevile, mwaka uleule. Naye alipimwa, vyote vitatu vikatoka hasi. Kidonge cha Mama kisingemsaidia, wala trastuzumabu. Ndio maana ya dripu. Mimi kabla ya hapo nilidhani kupima ni kheri tupu, upimwe upate dawa yako. Sikuwa nimefikiria mtu anayepimwa akaambiwa zipi si zake.

Siku aliyokuja kututazama, ushungi umekazwa mpaka kwenye nyusi, akauliza, "Na wewe wamekupa nini?"

"Dawa," Mama akajibu, akaenda kuteleka chai.

Usiku nikamuuliza kwa nini hakumwambia ukweli.

"Nimwambie nini? Kwamba mie nimepata saratani nzuri?"