Boksi la vitabu kwa kinyozi: Machi hadi Juni

Machi. Boksi langu la vitabu vya kujisomea wanaongoja zamu limehamia kwa kinyozi, mlango wa pili kutoka fremu yangu ya cherehani hapa Morogoro. Lina vitabu 14, vyote vya mitumba, nilivyookota kidogo kidogo pembeni mwa barabara ya Samora kila nikienda Dar kufuata vitambaa. Pale Jumamosi vijana wa sekondari hukaa benchini hata saa mbili wakingoja zamu.

Nikaharibu mwenyewe siku ya kwanza. Nilining'iniza daftari: "Andika jina, kitabu ulichosoma na ulichojifunza." Hakuna aliyeligusa, na vitabu navyo vikasuswa. Mpwa wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenipasulia: "Mama mdogo, hiyo si fani na maudhui tena?" Kweli. Kila hadithi waliyowahi kupewa imekuja na swali la insha mgongoni. Daftari sasa naandikia vipimo vya wateja.

Aprili. Nimetoa vile vya mawaidha, nimebakiza upelelezi na mapenzi kidogo, nikaongeza katuni. Mzee mmoja kanung'unika kuwa katuni si kusoma. Mimi nilianzia huko huko, basi nimemwacha na mazungumzo yake.

Mei. Umeme ulikatika saa tano asubuhi, kijana mmoja keshanyolewa upande wa kulia, wa kushoto msitu mtupu. Kutoka nje aibu, simu imezima chaji. Akachukua kilichokuwa juu, Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu cha mwaka 1960, Kiswahili cha Unguja. Nilijua atakitupa ukurasa wa pili. Punde nasikia:

"Anti, kiko ndo nini, shisha?"

Nikamweleza kiko cha kuvutia tumbaku cha Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, nikarudi kwenye pindo langu. Nikija kusikia tena, anawasomea wenzake kwa sauti, anaigiza lafudhi ya Kizanzibari (vibaya mno), na wawili wameshawekeana soda juu ya nani muuaji. Umeme uliporudi saa nane, kinyozi akawasha mashine. "Subiri kaka, nimalize sura."

Nilitamani kumuuliza amekionaje. Nikauma uzi, nikanyamaza.

Juni. Vimebaki tisa. Vitano vilivyoondoka sividai. Yule wa nusu kichwa anataka Bwana Msa mwingine, kwa hiyo safari ijayo ya Dar natafuta Kisima cha Giningi.

Kasoro kubwa ni wasichana: kwa kinyozi hawaji, na mimi mwanamke mzima sikuliona hilo kwa miezi mitatu! Kusuka rasta ni nusu siku nzima umekaa. Nimeongea na dada wa saluni ya ng'ambo ya barabara, kakubali boksi la pili kwa sharti moja: hadithi za kutisha hapana, mteja akishtuka yeye ndiye anapoteza mstari.