Mvuvi wa Kirumba na nyavu ya Spider-Man

Juzi, katikati ya sinema ya Spider-Man, binti yangu kanigusa na kiwiko: "Baba, utando wake unatoka mwilini au kwenye mashine?" Mama yake akatuambia tunyamaze. Mimi kimawazo nilikuwa nimeshafika Kirumba, Mwanza, zamani.

Kile kibanda cha gemu mnakijua: mabati, pazia la shuka, TV za chogo, na harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni. Mwenyewe alitaka tucheze mpira tu, maana mechi inalipiwa na wawili. Spider-Man anachezwa na mmoja, wengine wanakodoa macho bure. Basi mimi na Shija tukawa tunachangishana.

Gemu lenyewe ni Spider-Man 2, la 2004. Waliocheza la 2002 watanielewa: kule utando ulinasa hewani, unabembea juu ya jiji na hujui umening'inia wapi. Hili lilidai jengo. Hakuna ghorofa, hakuna kubembea.

Shija alikuwa mtu wa sinema. Kwenye sinema za Sam Raimi, utando unamtoka Peter, yaani Spider-Man mwenyewe, mkononi kama jasho. Mimi nilikuwa na kitabu kimoja cha katuni, cha mtumba, nilichokipata Makoroboi bila jalada, na humo Peter anaishiwa dawa ya utando akiwa angani. Tangu Stan Lee na Steve Ditko wamtunge mwaka 1962, mashine kaunda mwenyewe. Kwangu huo ndio ulikuwa utamu wote: mtoto wa shule, hana hela, anachanganya dawa chumbani.

Tukiwa kwenye ubishi huohuo, nikampandisha Peter mpaka kileleni mwa ghorofa la Empire State, nikamwachia. Kibanda kikanyamaza, hata waliokuwa kwenye gemu la mpira, Winning, wakageuka. Barabara ikawa inapanda kumlaki. Karibu na lami nikabonyeza. Uzi mweupe ukaruka, ukanasa kona ya ghorofa, akapita juu ya teksi za njano.

Nyuma yetu mtu akaguna. Mzee mmoja mvuvi, kaja kuchaji simu, koti la mvua bado lina magamba.

"Hiyo nyavu anashona mwenyewe au ananunua?"

"Shikamoo mzee. Anatengeneza mwenyewe," nikawahi.

"Mwongo huyo, inamtoka mwilini," Shija akadakia.

Mzee akainamia kioo. "Uzi mmoja, unang'aa... Si timba hiyo, ile nyavu haramu? Huku wangeshamchomea." Tukacheka wote, hata mwenye kibanda. Akamgeukia Shija. "Ng'wanawane, kama inamtoka tu, huyo ni buibui, hana alichokifanya. Nyavu ikichanika usiku ziwani na kushona hujui, utakula nini?"

"Mzee, huyu havui samaki."

"Sasa nyavu ya nini?"

Akaomba pedi. Hakupigana na mtu. Alimtembeza Peter kwa miguu, taratibu, mpaka ukingoni mwa Hudson, akamsimamisha pale akiangalia maji mpaka hela yetu ikaisha. Shija alinuna wiki nzima.

Sijui kama mzee alikuwa anamsifia Peter au anamcheka. Nimemnukuu kwenye kila mabishano tangu hapo, na Shija, ambaye siku hizi ana duka la simu, jibu lake ni lilelile: mvuvi wako sinema yenyewe hakuiona.