Nani atawalisha viwavi?

Mtaa ukiamua kuwa na bustani ya vipepeo, jambo la kwanza ni kuchangishana pesa za maua. Vipepeo huja, wananyonya, wanaenda zao. Hawana pa kutagia. Kipepeo jike hutaga juu ya mmea ambao mtoto wake ataula, na kila aina ina mmea wake. Wakulima wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, wanalijua hili vizuri: tangu mradi wa Kipepeo uanze Gede mwaka 1993, wanaopata pesa kwa kuuza pupa (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo) hulazimika kwanza kuotesha chakula cha viwavi.

Kwa eneo la mita 5 kwa 10 huku Pwani, tunashauri mindimu 8, mitopetope 2 na mimea 3 ya mpamba mwitu, ule wenye majani mapana ya kijivu na utomvu mweupe. Mindimu ni ya Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Mpamba mwitu ni wa Danaus chrysippus, wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi. Utomvu wa mmea huo ni hatari kwa macho, kwa hiyo kama bustani ni ya shule, uacheni. Kwenye kingo weka kivumbasi kwa ajili ya nyuki, na mishubiri kumi hivi kwa ajili ya ndege aitwaye chozi.

Mindimu ya mbegu inatosha, hakuna haja ya kununua ya kuunga. Panda masika yanapoanza, mche ukiwa umevuka goti, maana viwavi wachache tu humaliza mche mdogo hadi ukabaki kijiti. Acha mita moja kati ya mche na mche. Ikishika, ikate iwe kimo cha kiuno kila baada ya miezi miwili au mitatu, lakini kwa zamu, nusu leo na nusu baadaye, ili majani machanga yawepo muda wote. Jike hutaga hapo, yai moja moja.

Miche ya kununua ina mtego wake. Kuna dawa za wadudu zinazoingia ndani ya mmea, na hata majani mapya hubaki na sumu kwa wiki kadhaa. Muulize muuzaji amepulizia nini. Asipojua, usinunue.

Adui wa pili ni maji moto, wale sisimizi wekundu wa juu ya miti wanaoshona majani. Hubeba viwavi mmoja baada ya mwingine. Usiwaue, kwenye miembe wana kazi nzuri. Kata matawi yanayogusana na miti ya jirani, kisha zungushia shina utepe uliopakwa grisi. Grisi ikae juu ya utepe, isiguse gome.

Lakini bustani nyingi huuawa na jirani mwenye nia njema. Kiwavi mchanga wa mndimu anafanana na kinyesi cha ndege. Akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anatoa pembe mbili zenye harufu kali. Mtu akimwona hivyo anakimbilia bomba la dawa. Kubalianeni mapema, kwenye kikao, kwamba majani yaliyotobolewa ndiyo mavuno.

Ufagio nao ni tatizo. Kwetu uwanja uliofagiliwa ndio usafi, na hakuna atakayeshinda hoja hiyo. Zungushia mawe kipande cha mita 1 kwa 1 chenye jua, udongo mtupu, usiolimwa wala kufagiliwa: nyuki wanaoishi peke yao huchimba mashimo humo. Kingine kiwe na majani makavu. Mawe yanaonyesha kwamba imekusudiwa. Vyote viwe mbali na kuta, la sivyo watu watalalamikia nyoka.

Maji: sahani ya udongo, kina cha sentimita 3, yenye vijiwe vya kutulia. Yamwagwe na kubadilishwa kila siku mbili. Kiluwiluwi wa mbu huhitaji kama wiki moja kukomaa, kwa hiyo hata bwana afya hatakuwa na neno.

Na kabla ya kupogoa, pinda kila tawi ulitazame upande wa chini. Pupa ya mndimu huwa kijani au kahawia, imeshikizwa mkiani na kuzungushiwa uzi mmoja mwembamba, na mkasi hauitofautishi na jani.