Beseni la Kayabwe

Ningeweza kuandika habari za Jinja, tulikolala siku mbili na kupanda mtumbwi hadi pale Nile inapoaga Ziwa Victoria, au za foleni ya Kampala iliyotula asubuhi nzima. Lakini tangu nirudi Bukoba ninachokiwaza ni beseni.

Ilikuwa siku ya mwisho. Walimu kumi na mmoja ndani ya kosta ya kukodi, mifuko imekauka, kila mtu anahesabu noti za Uganda ambazo sufuri zake zinakudanganya kwamba una hela. Kayabwe, kilomita kama 72 kutoka Kampala, dereva akaegesha. Ikweta. Pana mstari unaokatiza barabara, na yale maduara meupe ya saruji ambayo kila aliyepita njia ya Masaka ana picha kasimama ndani yake. Picha ni bure. Maji ndiyo yanayolipiwa.

Kijana mmoja alikuwa na mabeseni matatu yenye tundu chini: moja kaskazini, moja kusini, moja juu ya mstari wenyewe. Elfu hamsini kwa kundi. Mweka hazina wetu, aliyetunyima hata soda siku nne nzima, akazitoa bila kubishana! Kijana akamimina maji, akaweka ua la manjano lielee juu. Kaskazini likazunguka kinyume cha saa. Kusini likafuata saa. Kwenye mstari likazama wima, tuli. Wenzangu wakapiga makofi.

Mimi nafundisha fizikia. Ni kweli mzunguko wa dunia hupinda vimbunga vya baharini, kila upande wa ikweta na mwelekeo wake, lakini kwa beseni nguvu hiyo ni ndogo mno. Mkono wa anayemimina unaishinda. Basi nikautazama mkono. Kaskazini jagi liliegemea ukingo wa kulia. Kusini, wa kushoto. Pale kati alimimina katikati, akapiga soga kwanza hadi maji yatulie, ndipo akazibua tundu.

“Ssebo,” nikamvuta pembeni, “rudia, ila nimimine mimi.”

Akacheka. Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini kilinifika: “Mwalimu, wewe kwenu darasani unasema yote?”

Nikanyamaza. Kundi jingine lilikuwa limeshashuka kwenye basi lao. Na, niseme ukweli, wivu ulinishika: miaka kumi na miwili nafundisha mzunguko wa dunia kwa chaki tupu, hakuna darasa lililowahi kunipigia makofi.

Lukaya walituingizia kuku wa mishikaki na gonja, zile ndizi za kuchoma, madirishani, bei ya kuumiza, tukanunua tukinung'unika. Kutoka hapo hadi mpakani Mutukula ni ubishi tu. Mwalimu wa dini alisema nina roho mbaya, nimewaharibia muujiza walioulipia.

Jumamosi nikachoma msumari motoni, nikatoboa beseni letu la bluu. Bukoba tuko kusini mwa ikweta kilomita kama 150, kwa hiyo kwa hesabu za yule kijana maji yangu yangefuata saa. Mara ya kwanza yakafuata saa. Mara ya pili yakageuka. Nilikuwa nayamimina mara ya tatu, watoto wa jirani wamejipanga ukutani kimya kabisa, mke wangu alipotokea mlangoni na ndoo ya nguo.

“Baba watoto, sasa hizi nizifulie wapi?”