Shilingi Mbili za Namanga

Leo nimevuka mpaka wa Namanga kutoka Arusha kwenda Nairobi. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa Desemba 2018, msafiri hukamilisha taratibu za nchi zote mbili ndani ya jengo moja, jambo ninalolishukuru kwa dhati. Lakini fedha zake bado hazivuki bila kupungua, na hilo ndilo lililonishughulisha mchana kutwa.

Upande wa Tanzania, kwenye dirisha la kubadilishia fedha, alinitangulia mama mmoja muuza vitunguu. Alifungua pindo la kanga, akatoa noti za Kenya za elfu moja moja, akazihesabu upya kabla ya kuzipitisha chini ya kioo. Karani alipomgeuzia kikokotoo, alikitazama kwa muda, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, hivi jana si ilikuwa zaidi?"

"Shikamoo mama. Bei hubadilika kila siku."

Aliitikia marahaba, akapokea fedha zake. Jibu langu lilikuwa la kweli, ila halikumwongezea hata senti.

Kinachoumiza zaidi ya kupanda na kushuka kwa bei ni pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Tuseme shilingi moja ya Kenya inanunuliwa kwa shilingi 18.50 za Tanzania na kuuzwa kwa 20.50. Mtu akibadilisha 10,000 za Kenya atapata 185,000, na akizirudisha papo hapo atabaki na takriban 9,024, ingawa hajanunua hata kiberiti. Mtalii anayepita mara moja hupoteza na kusahau, lakini mfanyabiashara mdogo anayevuka kila wiki hukatwa mtaji kila anapokwenda na kurudi. Akikimbilia wabadilishaji wa barabarani kwa sababu wameongeza kidogo, huenda akahesabiwa noti zilizokunjwa katikati, moja ikahesabiwa mara mbili.

Hali haikuwa hivi siku zote. Hadi mwaka 1966, Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na hata kila nchi ilipoanza kutoa yake mwaka huo, zilianza zikiwa na thamani sawa. Itifaki ya Umoja wa Fedha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Kampala Novemba 2013, ilikusudia kuturudisha kwenye sarafu moja ifikapo 2024, na mwaka huo umepita tukiwa bado na shilingi zetu mbalimbali.

Mimi siamini kwamba nafuu lazima isubiri sarafu hiyo. Jumuiya imekwisha kuwawekea wafanyabiashara wadogo utaratibu rahisi wa forodha kwa bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Mzigo wa vitunguu wa yule mama umefikiriwa; fedha alizouzia vitunguu hivyo nazo zinastahili kuwekewa ukomo wa makato, utakaobandikwa kwenye kila dirisha la mpakani mahali anapoweza kuusoma kabla hajafungua kanga yake.