Podo ya matopeni

Mjomba alijifunzia useremala Lushoto, kwenye milima ya Usambara, kabla ya kuhamia Mwanza, na mbao zote za duniani alizigawa mafungu mawili: za milimani, na za kubahatisha. Kwa hiyo tulipokwenda msibani Missenyi, ukweni kwa mama mdogo, mimi nikiwa nimemaliza kidato cha sita na sina kazi ila kumbebea begi, macho yake hayakutulia kwa wafiwa. Yalitulia mlangoni.

Tulikuwa tumekesha ndani ya meli ya MV Victoria hadi Bukoba, tukaunga na basi kupitia Kyaka, penye daraja ambalo majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalililipua mwaka 1978. Mjomba alishatoa pole, alishakaa jamvini na wanaume wenzake, lakini kila akipata upenyo anakwenda kuupapasa ule mlango. Mwisho akainama, akaunusa pale ulipochubuka.

"Hii podo, mbao ya milimani," akaninong'oneza. "Tazama rangi, tazama nyuzi zilivyonyooka. Ingekuwa paini ungesikia utomvu. Podo haina utomvu kwenye mbao zake. Sasa nani kaibeba kutoka Usambara mpaka huku?"

Mzee mwenye nyumba alikuwa na masikio makali. "Haikubebwa, mwanangu. Imetoka hapo chini, kwenye maji."

Mjomba akacheka kimsiba, yaani kwa pua. "Shikamoo mzee, lakini podo na maji ya ziwa wapi na wapi?"

"Marahaba. Kesho utapelekwa."

Na kweli, kesho yake tulipewa kijana wa nyumbani, tukaenda Msitu wa Minziro. Sisi wa Mwanza, miti ya jamii ya misonobari tunaijua kwa mashamba ya serikali: Rubya kule Ukerewe, Buhindi kule Sengerema. Ni paini zilizopandwa kwa mistari. Kwao hasa ni mbali, ng'ambo ya Atlantiki, kuanzia Meksiko hadi Amerika ya Kati na Karibi. (Mvinje, ambao watu wengi huuita mti wa Krismasi, haumo kabisa katika ukoo huu. Una sura tu.) Minziro hakukuwa na mstari hata mmoja. Ni msitu tambarare wa hekta zipatazo 25,000, unaovuka mpaka na kuendelea Uganda kwa jina la Sango Bay, na Mto Kagera ukifurika maji huingia humo na kukaa. Tulivua viatu, tukavishika mkononi. Matope yalikuwa vuguvugu, na mbu hawakujali kwamba tuna msiba.

Mpodo wa kwanza kijana aliupita bila kusema kitu. Mjomba ndiye aliyeuona. Shina limenyooka kama mlingoti, gome linabanduka vipande vipande, na juu majani membamba marefu ambayo si sindano hata kidogo. Chini yake zilikuwa zimeanguka mbegu zenye nyama kwa nje, mfano wa vijitunda. Nilizibeba mfukoni kwa sababu kitabu cha baiolojia kilinifundisha kwamba miti hii huzaa koni, vile vichwa vikavu vya magamba, na hapa hapakuwa na koni yoyote ya kuokota. Kijana akasema si kila mti unaozaa, mingine ni ya kiume, na wapandaji wake ni ndege na popo.

Mjomba aliweka kiganja kwenye gome akasimama, matope yamefika vifundoni. Mimi nilimjua kama mtu wa kusema hata wakati wa sala, na pale alinyamaza kwa muda mrefu mpaka nikaanza kujikuna. Kisha akauliza swali ambalo kijana hakuwa na jibu lake: mti wa baridi umeshukaje huku?

Jibu nililipata miaka ya baadaye, nikisoma. Minziro iko mita kama 1,150 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribiana na cha ziwa lenyewe, wakati mipodo mingi ya Afrika Mashariki huishi milimani, juu zaidi ya hapo. Wapo wataalamu wa mimea wanaoeleza kwamba zamani za baridi, enzi ya barafu, miti ya milimani iliteremka hadi tambarare. Joto liliporudi, mingine ikabaki. Ziwa Victoria lenyewe liliwahi kukauka katika enzi hiyo. Mpodo wa Minziro wataalamu wanauita Afrocarpus dawei.

Mwanza, mafundi wenzake wa Mabatini walimkatalia katakata. Podo ya ziwani! Mjomba akaniita, "Msomi, njoo uwaeleze." Nikamwaga mbegu juu ya meza ya randa, nikaeleza mto, mafuriko, popo. Walisikiliza kwa heshima mpaka mmoja wao akauliza la maana:

"Na msumari je, haipasuki?"

"Inapasuka," Mjomba akasema. "Utoboe kwanza, kama ile ya Lushoto."

Hapo wakaamini.