Jinsi nilivyozuia rejeta ya gari la kale kuvuja

Rejeta (kipoza maji ya injini) ya gari letu la miaka ya 1920 ilikuwa ikizibwa inavuja tena, daima kona ileile ya chini kushoto. Dawa za kumwaga ndani sizipendi: huziba tundu, na huziba njia za maji pia.

Niliifungua, nikaziba midomo yake, nikaizamisha kwenye pipa na kuijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, taratibu sana. Rejeta za zama zile hazikuundwa kuhimili presha. Ukizidisha utapasua viungo vizima. Viputo vilitoka pale tangi la chini linapoungana na mirija. Nilikwangua hadi shaba ya njano ikang'aa, nikapaka asidi ya kulehemu, nikatumia pasi nzito ya kulehemu, ya shaba, badala ya moto wa gesi. Lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, hivyo mwali wa gesi hufungua viungo vya jirani.

Lakini kwa nini kona ile tu? Nililegeza boliti za kushikia, nikapandisha gurudumu moja la mbele kwa jeki. Fremu ilijipinda waziwazi, na rejeta iliyokazwa kabisa ingepindwa nayo. Ndipo nikaweka mipira minene chini ya miguu yake, na springi ndogo chini ya kila nati.

Baada ya safari ndefu za barabara ya vumbi, kona ile ni kavu.